Karo Lisilojaa
Mhadhara kwa wakaazi wa Mji wa Kale na kisiwa cha Mombasa

Najua mada hii haina mvuto. Mtu akialikwa kusikiliza habari za Wareno na Fort Jesus huvaa kanzu iliyopigwa pasi akawahi kiti cha mbele. Akialikwa kusikiliza habari za karo huuliza kwanza kama kutakuwa na kahawa. Kahawa ipo, haluwa ipo, na vyote vitakuja nikishamaliza, kwa sababu mnazozijua.

Katika kazi ya ubwana afya kuna jibu moja nililolisikia karibu kila mtaa wa huku kwetu: Kibokoni, Mkanyageni, Kuze, Bondeni. Mwenye nyumba hukukaribisha barazani, ukamuuliza karo lake lilinyonywa lini mara ya mwisho. Hucheka. "Karo hili? Hili alilichimba marehemu babu. Halijapata kujaa hata siku moja." Hulisema kwa fahari, na jirani aliyekaa kando huinamisha kichwa kwa wivu, maana lake hufurika kila masika na ameshachoka kumlipa mwenye lori.

Jioni hii nimekuja kuiharibu fahari hiyo. Karo ambalo halijajaa kwa miaka 50 halina baraka ya babu, lina ufa. Kila kinachoingia hutoka. Kisipotoka kwa mpira wa lori kitatoka kwa njia nyingine, na kisiwa chetu kina njia hizo zisizohesabika. Jirani mwenye wivu, yule ambaye karo lake hujaa, huenda ndiye mwenye karo zima mtaani.

Nieleze kwanza karo linavyotakiwa kufanya kazi, kwa sababu wengi wetu tunaketi juu yake bila kulijua. Karo kamili ni chumba cha chini ya ardhi ambacho sakafu na kuta zake zimepigwa lipu isiyopitisha maji. Ndani lina ukuta unaoligawa sehemu mbili: ya kwanza kubwa, thuluthi mbili za ukubwa wote, na ya pili thuluthi moja. Maji ya choo huingia kwa bomba lenye kiungo cha umbo la T, kinachoyaelekeza chini taratibu yasije yakayavuruga yaliyokwisha tulia. Humo hukaa. Kizito huzama kikawa tope. Mafuta na vyepesi huelea vikafanya utandu. Katikati hubaki maji ya kijivu, na hayo peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kupita kwenda sehemu ya pili, kisha kwenda shimo la kunywea lililo nje ya karo. Bakteria wasiohitaji hewa hula lile tope usiku na mchana, lakini hawalimalizi. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, kinachobaki ni lita 30 hadi 40 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Basi karo linalofanya kazi yake barabara halina budi kujaa. Limewekwa hapo lizuie, na linalozuia hujaa.

Mwenye kusifiwa kwa ubunifu huu ni Mfaransa, Jean-Louis Mouras wa mji wa Vesoul, aliyelijenga tangi lake katika miaka ya 1860 na kupewa hataza mwaka 1881. Mwaka 1895 Mwingereza Donald Cameron akajenga la kuhudumia sehemu ya mji wa Exeter, na kutoka hapo likaenea duniani. Lakini tangi ni nusu ya kazi tu. Maji yanayotoka humo huwa yamepunguziwa uchafu kwa thuluthi au nusu hivi, na vijidudu vya maradhi bado vimo tele. Nusu ya pili ya kazi huachiwa ardhi. Maji hunywewa na udongo, hupenya polepole baina ya chembe za mchanga zenye hewa, na katika mita chache za mwanzo vijidudu hunaswa, hukosa chakula na kufa.

Hapo ndipo vitabu vya ujenzi vinapoachana na Mombasa. Viliandikwa na watu wenye udongo. Sisi, ukiondoa tabaka jembamba la juu, tuna mwamba. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki ni tumbawe la kale, lililokua chini ya maji wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, yapata miaka 125,000 iliyopita. Jiwe lake mnalijua, limo ndani ya kuta za nyumba zenu. Lina matundu, lina mapango, lina nyufa ambazo mchimba kisima huweza kuutia mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Maji machafu yakifika kwenye ufa wa namna hiyo hayapenyi polepole wala hayachujwi. Yanakimbia. Kanuni inayotajwa mara nyingi hutaka mita 30 baina ya kisima na shimo la kunywea. Ondokeni Msikiti wa Mandhry, ambao kisima chake kiko ng'ambo ya njia, mpige hatua za mita 30 upande wowote mpendao, mniambie mmepita milango mingapi. Na hata kama nafasi ingepatikana, umbali huo ulipimwa kwa ajili ya mchanga. Mwamba uliopasuka haufuati futi kamba.

Wanaokaa upande wa Bandari ya Kale wana jambo lao jingine. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka hapa kwetu kwa zaidi ya mita 3, na mwamba wenye matundu hauizuii isiingie chini ya nyumba. Maji ya visima vya karibu na ufuo hupanda na kushuka yakiifuata. Shimo la kunywea lililochimbwa kwenda chini sana hukuta tayari kumejaa, likakosa pa kupeleka maji, choo kikaanza kukoroma na maji kurudi juu. Fundi huitwa, hufika siku tatu baadaye, bamvua limeshapita, hukuta kila kitu sawa, huzungusha waya wake bombani kwa heshima, hulipwa, akaenda zake. Wenye nyumba za upande huo, kabla ya kumpigia fundi simu utazameni mwezi. Kama ni mpevu au ni mwandamo, subirini siku chache.

Mtaniuliza, basi wazee wetu waliishije hapa karne na karne? Waliishi vizuri, na vyoo vyao vilikuwa ndani ya nyumba wakati ambapo miji mingi ya Ulaya ilikuwa ikimwaga ndoo dirishani. Katika magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, mtaviona vyoo vya ndani pamoja na mahali pa kutawadhia. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na birika msalani, na ndani ya birika samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na wakati mwingine bakuli la kaure lililojengewa chini ili samaki wapate pa kukimbilia maji yakipungua. Huo ni ustadi ambao sisi wenye matangi ya plastiki juu ya dari hatuna. Lakini siri ya mashimo yao kudumu ilikuwa ni kopo. Mtu alichota lita moja au mbili, akachamba, basi. Shimo lilipokea kidogo, likakauka, likapokea tena.

Kisha maji yakaja kwa bomba, kwanza kutoka Marere katika milima ya Shimba, na katika miaka ya 1950 kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Yaliingia katika nyumba ambazo mashimo yake yalichimbwa kwa ajili ya kopo. Choo cha kuvuta cha zamani hubwaga lita 9 kwa mpigo mmoja, cha kisasa lita 6. Mashimo yale yale yakaambiwa yafanye kazi ya mto.

Halafu yakaja maghorofa. Nitafanya hesabu moja tu, mnivumilie. Chukueni nyumba ya zamani ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 100 za maji kwa siku. Hizo ni lita 600. Karo la lita 2,000, hata likiwa na lita 800 za tope, bado huyashika maji ya siku mbili, na siku mbili zinatosha uchafu kutulia. Nyumba ikavunjwa, pakasimama ghorofa la familia sita, watu 30. Karo limebaki lile lile, kwa sababu mkandarasi alilikuta na akaona ni bahati. Sasa lita 3,000 zinaingia kila siku. Nafasi iliyobaki ni ya lita 1,200. Maji hayakai hata saa 10, yanapita na uchafu wake kama yalivyoingia. Tope la watu 30 kwa mwaka huweza kufika lita 1,200 nyingine, yaani mwaka mmoja ukiisha karo ni tope tupu. Na bado nimeambiwa halijai.

Uchafu unakwenda wapi? Kwanza baharini, kupitia nyufa na kupitia mitaro ya mvua, maana wapo waliounga bomba la karo kwenye mtaro usiku. Sipendi kusema ni nani, na mtaa mzima unajua. Sehemu ya kisiwa imeungwa na mabomba ya maji taka, na mitambo ya kuyasafisha ilijengwa Kizingo na huko Kipevu, ng'ambo ya Makupa, lakini nyumba nyingi za jiji hili bado zinategemea karo au shimo. Pili, uchafu unakwenda visimani. Mgao wa maji ukibana, na sisi sote tunajua mgao unavyobana, watu hurudi kwenye visima, na mikokoteni ya mitungi hupita kila kichochoro. Daniel Munga na wenzake walichapisha mwaka 2006 utafiti wao juu ya maji ya ardhini ya Kisauni, ng'ambo tu ya mfereji wa bahari, wakaeleza jinsi vyoo vya mashimo na makaro yanavyoyachafua. Kisauni kuna mchanga kuliko kwetu. Nyumba zake nyingi zina nafasi kuliko zetu. Mwenye kufikiri afikiri.

Kipindupindu kilipoingia Kenya mwaka 1971 hakikuwa kigeni kwa mwambao. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa maradhi ya 1869 na 1870, alikiandikia kitabu kizima mwaka 1876. Lakini kisa kinachohusu karo barabara kimetoka London. Mwaka 1854 watu mamia walikufa katika mitaa michache iliyozunguka pampu moja ya maji katika barabara ya Broad, na daktari John Snow akaifanya serikali ya mtaa ing'oe mpini wa pampu ile. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa shuleni. Sehemu inayosahaulika ni ya baada ya hapo. Kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakumwamini Snow, alizunguka nyumba kwa nyumba hadi akagundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba iliyokuwa mbele ya kisima cha pampu hiyo aliharisha kabla ya wengine wote, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi katika karo la nyumba. Karo lilipofukuliwa mwaka 1855 matofali yake yalikuwa yamelegea, na umbali wake kutoka kisimani haukufika futi 3.

Hapa niseme neno kwa adabu mbele ya mashekhe. Fiqhi yetu ina milango mizima juu ya maji, na mtu wa kawaida ameishika kanuni ya rangi, ladha na harufu: visipobadilika, maji ni tohara. Mimi si mwanachuoni, na mambo ya udhu nawaachia wenyewe. Ninachosema ni kuhusu kunywa. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havibadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Maji ya kisima yakiwa meupe na baridi yanaweza kuwa navyo. Kuchemsha huviua, klorini huviua. Lakini kuna kitu kimoja ambacho kuchemsha hakukiondoi, nacho ni naitreti, inayotokana na mkojo na kinyesi kikishaoza. Ukichemsha maji yakapungua, yenyewe huzidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo, ambao damu yao hushindwa kubeba hewa wakabadilika rangi ya midomo. Mama mwenye mtoto wa chupa asimtilie maji ya kisima cha Mji wa Kale, yawe yamechemshwa au hayakuchemshwa.

Sasa tufungue kifuniko. Nitakuomba uwe na ufito mrefu, kitambaa cheupe cha taulo kuukuu, na kamba. Kitambaa kifungwe kuzunguka ufito kuanzia chini mpaka urefu wa mita moja hivi. Kifuniko kikiondolewa usiiname. Rudi nyuma, acha hewa itoke, zima sigara na umwambie kijana wako naye azime. Kisha tazama kiwango cha maji kabla ya kutia chochote. Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hawakijui na hakigharimu hata shilingi. Karo zima, liwe limenyonywa mwaka jana au miaka mitatu nyuma, maji yake husimama sawasawa na mdomo wa bomba la kutokea, siku zote, mvua na kiangazi. Ukiyakuta yako chini ya mdomo huo, shubiri moja au mkono mzima, na hukulinyonya juzi, basi karo limepasuka na maji yanakwenda kwa jirani. Mara nyingi utaona mstari mweusi ukutani unaoonyesha yalikofika zamani, na chini yake lipu iliyomomonyoka na jiwe la tumbawe likichungulia.

Kama kiwango ni sawa, shusha ufito taratibu karibu na bomba la kutokea mpaka uguse sakafu. Ushikilie hapo dakika chache, uzungushe kidogo, uvute juu bila haraka. Maji ya katikati hutiririka yakaacha kitambaa kikiwa cha kijivu. Tope hung'ang'ania nyuzi za taulo, na utaona doa jeusi lenye mpaka wazi. Pima doa hilo kwa futi kamba, kisha ulinganishe na kina chote cha maji. Tope na utandu vikifika thuluthi moja ya kina, ita lori. Usingoje choo kikwambie, kwa sababu choo kikishasema, shimo la kunywea limekwisha kupokea tope, na shimo lililozibwa na tope halizibuki kwa urahisi. Tarehe na kipimo viandikwe kwa rangi upande wa chini wa kifuniko. Atakayekuja kukifungua atavikuta.

Wapo wanaotia hamira karoni, wapo wanaotia kipande cha nyama, na wapo wanaonunua unga wa dawa kwa bei ya kilo mbili za kingfish. Bakteria wanaohitajika tunakuja nao wenyewe kila asubuhi bure. Fanyeni kazi ya kutowaua tu: klorini ya kusafishia choo itumike kwa kiasi, na isimwagwe chupa nzima kwa sababu wageni wanakuja. Mafuta ya viazi karai na mahamri yapoe, yakusanywe kwenye mkebe, yatupwe na taka. Yakimwagwa karoni huganda juu na kuziba bomba la kutokea. Nepi za dukani na sodo haziozi, hazina ruhusa. Sisi wenye kuchamba kwa maji tuna nafuu moja kubwa kuliko wenye karatasi, na tunaitupa nafuu hiyo kwa kutia kila kitu kingine. Maji ya mvua ya dari yasiingizwe karoni, nayo misikiti ipeleke maji ya udhu kwenye shimo lake mbali, kwa sababu maji mengi na masafi kiasi hicho hulisukuma tope nje siku ya Ijumaa kabla hotuba haijaanza.

Bomba la hewa lipandishwe juu ya dari na mdomo wake ufungwe wavu. Harufu inapita wavuni, mbu hapiti. Mbu anayependa sana makaro na vyoo vyenye maji anaitwa kwa jina la kitaalamu Culex, naye ni mmoja wa wanaosambaza matende na mabusha hapa mwambao. Mnajua kwamba dawa yake rahisi ilijaribiwa kwa jirani zetu? Mwaka 1988, huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga chembe ndogo za plastiki nyeupe, zile nyepesi za kufungia redio mpya, katika vyoo vya mashimo vyenye maji. Chembe zilielea, zikafunika uso wote, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia. Watu walipewa na dawa ya kumeza. Mbu wakapungua kabisa, na maambukizi nayo yakashuka. Bei ya kazi ile ilikuwa ndogo, lakini nashangaa hadi leo kuona jinsi jambo hilo lilivyosahauliwa upesi.

Sasa lori. Gari la kunyonya haliwezi kuingia katika vichochoro vyetu. Huegeshwa Ndia Kuu au mahali papana pa karibu, na mpira ukavutwa kona baada ya kona, juu ya vizingiti vya watu. Pampu ya kunyonya haivuti kutoka kina kisichokuwa na mwisho. Kwa nadharia ni mita 10, kwa vitendo ni mita sita au saba, na kila urefu wa mpira unapoongezeka nguvu hupungua. Matokeo yake ni kwamba lori hunyonya maji ya juu, tope la chini likabaki, dereva akasema tayari. Hamjanunua chochote. Tope lazima lichanganywe kwa mti mrefu na maji yenyewe wakati mpira uko ndani, na mwenye nyumba asimame hapo aone sakafu, kwa tochi, kutoka nje.

Kutoka nje, narudia. Ndani ya karo kuna gesi mbili za kuogopwa zaidi. Moja huwaka, ndiyo maana hatutaki kiberiti wala kuteremsha taa ya moto kupima hewa. Ya pili ina harufu ya yai bovu, ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na ikizidi huua pua kwanza hata mtu akadhani imekwisha. Anayeingia kuokota ndoo huanguka. Ndugu yake anaingia kumtoa, naye huanguka. Hivi ndivyo watu wawili watatu wa nyumba moja hufia shimo moja, na kila mara hadithi huwa ni ile ile. Ufa wa sakafu hauzibwi na kijana mwenye ndoo ya saruji. Karo linyonywe, liachwe wazi kwa siku kadhaa likiwa limezungushiwa uzio, lipulizwe hewa kwa mashine, na atakayeshuka awe fundi aliyefungwa kamba na watu wa kumvuta wakiwa juu. Nyumba za mawe ya kale zina sababu ya ziada ya kuziba ufa huo: maji yanayovuja chini ya msingi hupanda ndani ya ukuta wa tumbawe na chokaa pamoja na chumvi zake, lipu ikababuka, na vichwa vya boriti vikaoza mahali pasipoonekana. Mnaolalamikia gharama za kutengeneza ukuta, kwanza mtazame chini.

Nimeacha jambo gumu kuliko yote. Karo ni la nani? Katika mji huu nyumba nyingi ni za mirathi ambayo haijagawanywa, nyingine ni wakfu, nyingine mwenyewe yuko Nyali au Muscat na mpangaji humwona kwa simu tu. Nyumba ikigawanywa, mmoja hupata ghorofa, mmoja hupata duka, lakini karo linabaki chini ya jiko la wa tatu, na hati haikulitaja. Basi wa juu wanajaza, wa chini ananusa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya makaazi na ya usafi wa kiwango kinachofaa, lakini haikusema nani katika warithi saba atalipa lori. Shauri langu kwa mashekhe na makadhi ni kwamba karo na shimo lake vitajwe katika kila mgawo wa nyumba na kila mkataba wa kupangisha: lilipo, linavyofikiwa, na gharama inagawanywaje. Kwa kichwa, si kwa chumba, kwa sababu tope hujazwa na vichwa.

Na kwa kuwa mwamba ni mmoja, kunyonya karo moja mahali penye makaro kumi yanayovuja ni kusafisha sahani ukaliacha sufuria. Kichochoro kichague siku moja mwezi wa Februari, kabla ya masika, lori liitwe kwa pamoja, mpira ukishalazwa utumike nyumba zote, na gharama ya kila mmoja itashuka. Dereva aonyeshe leseni kabla ya kuwasha pampu, aeleze anamwaga wapi, na malipo ya mwisho yatolewe akirudi na risiti ya pale alipomwaga. Risiti hiyo akae nayo mweka hazina wa mtaa.